Masaa 24 bila kukatika: Oicha inaweza kuweka timu katika mbio za magari za mtandaoni?

Mwisho wa juma la tarehe 14 na 15 Januari 2023, Max Verstappen wa Uholanzi, aliyekuwa tayari bingwa wa dunia wa Formula 1 mara mbili, alikuwa anaongoza mbio za masaa 24 za Le Mans. Hakuwa Le Mans, hakuwa hata kwenye gari. Alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya skrini, mikono kwenye usukani uliofungwa kwa kompyuta, na gari lake lilikuwa linazunguka njia ya Le Mans iliyochorwa ndani ya programu inayoitwa rFactor 2. Wenzake watatu wa timu ya Team Redline walikuwa wanapokezana naye.

Kisha rezo ikakatika. Gari likapotea kwenye njia, mbele ya watu waliokuwa wanafuatilia moja kwa moja duniani kote. Aliporudishwa ndani ya mbio alikuwa wa 17, na timu ikaamua kuacha. Bingwa hakuficha hasira yake: alisema ataufuta mchezo huo kwenye kompyuta yake, akawashauri na wengine wafanye hivyo. Waandaaji nao walikuwa wamesimamisha mbio mara mbili, na baadaye wakatoa tangazo kwamba wanashuku kuna watu walioshambulia seva zao.

Mtu wa Oicha akisoma habari hiyo anaweza kucheka kidogo. Kumbe hata kwao! Lakini nyuma ya kicheko kuna swali ambalo vijana wanaocheza PlayStation kwenye vyumba vya kulipia, vile vinavyowashwa na jenereta, wana haki ya kuliuliza kwa uzito. Kama bingwa wa dunia mwenye kila kitu anaweza kuangushwa na waya, je, timu kutoka Oicha, Beni na Butembo inaweza kumaliza masaa 24? Ukipiga hesabu ya umeme, ya rezo na ya usalama, jibu halisi ni kwamba mtu mmoja hawezi, ila timu iliyopangwa vizuri inakaribia kuweza.

Mbio zenyewe zinaendaje

Mbio za masafa marefu si kama zile za dakika kumi ambazo watoto wanagongana kona ya kwanza na kuanza upya. Gari ni moja, madereva ni wawili, watatu ama wanne, na saa haisimami. Mmoja anaendesha saa moja, mbili ama zaidi, anaingia kwenye kituo cha mafuta na matairi, anatoka, mwenzake anachukua usukani. Mwenzake huyo anaweza kuwa katika nchi nyingine, hata bara lingine. Gari linabaki lile lile, pamoja na makovu yake: kama wa kwanza amegonga ukuta, wa pili anarithi gari bovu. Le Mans peke yake ina kilometa 13.6 kwa mzunguko mmoja, na gari linaloshinda mara nyingi linapita kilometa 5,000 kabla ya bendera ya mwisho.

Dunia iliufahamu mchezo huu vizuri mwaka 2020. Korona ilikuwa imefunga kila kitu, na mbio halisi za Le Mans zikasogezwa hadi Septemba. Waandaaji wakaamua kufanya mbio za mtandaoni tarehe 13 na 14 Juni: magari 50, madereva 200, kila mmoja kwake nyumbani. Kila timu ilipaswa kuchanganya madereva wa magari ya kweli na wale wa mtandaoni. Washindi walikuwa timu ya Rebellion Williams, yenye madereva wawili wa kazi, Louis Delétraz wa Uswisi na Raffaele Marciello wa Italia, na vijana wawili wa Poland waliojulikana kwa usukani wa kompyuta, Nikodem Wisniewski na Kuba Brzezinski. Hata mwaka ule mbio zilisimamishwa mara mbili juu ya matatizo ya seva.

Mbio zilianza saa tisa alasiri ya Ufaransa, na mwezi wa Juni saa ya Ufaransa ni sawa na saa ya Oicha. Wakati huo watu wa hapa walikuwa wanahesabu siku 42 bila mgonjwa mpya wa Ebola. Mwisho wa epidemia ile, iliyotangazwa Agosti 2018, ulisomwa tarehe 25 Juni 2020, siku kumi na moja baada ya bendera ya mwisho ya Le Mans. Huko walifungiwa nyumbani na ugonjwa mmoja, huku watu walikuwa wanatoka katika ugonjwa mmoja na kuingia katika mwingine. Neno "kufungiwa" halikuwa geni Oicha.

Katika iRacing, programu ya Kimarekani ambayo ndiyo inabeba mbio nyingi za timu za aina hii, kuna sheria inayostahili kueleweka vizuri. Kila dereva lazima aendeshe sehemu fulani, lakini si lazima wote waendeshe sawasawa. Unachukua mizunguko yote, unaigawa kwa idadi ya madereva, na kila mmoja anadaiwa angalau robo ya fungu lake. Gari likifanya mizunguko 400 na madereva wakiwa wanne, fungu la haki ni 100 kwa kila mtu, na kinachodaiwa ni 25. Kwa hiyo mmoja mwenye rezo mbaya anaweza kufanya kidogo bila kuvunja sheria, na mwenye rezo nzuri akabeba zaidi. Yeyote aliyeandika sheria hiyo hakuwa anafikiria Oicha. Lakini inaifaa Oicha kuliko inavyoifaa Amsterdam.

Rezo: tatizo si wingi wa mega

Wengi wanadhani mchezo wa namna hii unakula mega kama video. Hapana. Ukishaanza kuendesha, kompyuta inatuma na kupokea habari ndogo ndogo tu: gari liko wapi, lina kasi gani, usukani umegeuzwa kiasi gani. Kinachokula mega ni kupakua programu yenyewe, ambayo ni makumi ya gigabaiti, na kila baada ya miezi michache kuna mabadiliko mapya ya kupakua. Hiyo inaweza kufanywa mara moja, Beni ama Butembo, na kubebwa kwenye diski.

Tatizo lenyewe ni muda wa safari. Seva nyingi za michezo hii ziko Ulaya, Marekani na Asia. Habari ikitoka Oicha inapita Uganda na Kenya ama njia nyingine mpaka baharini, inapanda kebo za chini ya maji, inafika Ulaya, kisha inarudi. Mwanga ndani ya kebo unakwenda kilometa kama 200,000 kwa sekunde. Safari ya kilometa 10,000 kwenda na 10,000 kurudi inachukua sehemu ya kumi ya sekunde, hata kama mashine zote za njiani hazichelewi hata kidogo. Na zinachelewa.

Sehemu ya kumi ya sekunde ni nini? Gari linalokwenda kilometa 300 kwa saa linapita meta 83 kila sekunde, kwa hiyo ndani ya muda huo limeshasogea meta nane, karibu urefu wa magari mawili. Programu inajua hilo, na inabahatisha gari la jirani litakuwa wapi. Kama ucheleweshaji ni ule ule kila wakati, inabahatisha vizuri, na dereva wa mbali anaweza kushindana na wa karibu bila shida kubwa. Balaa ni pale ucheleweshaji unapopanda na kushuka: sasa sehemu ya kumi, baadaye kidogo sekunde nzima, kisha tena chini. Gari lako linaanza kuruka ruka kwenye skrini za wengine, wanakuogopa, na waandaaji wana haki ya kukutoa. Mtu yeyote aliyepiga simu ya WhatsApp kutoka Oicha saa moja ya jioni anaujua ugonjwa huo bila kuelezwa.

Ile satelaiti ya zamani, yenye sahani kubwa juu ya paa za mashirika, haisaidii. Iko juu kilometa karibu 36,000, na kupanda na kushuka mara mbili peke yake kunakula karibu nusu sekunde. Ndani ya nusu sekunde gari limekwenda meta 40. Satelaiti za chini kama zile za Starlink ni jambo lingine, kwani zinaruka kwenye kilometa mia tano na kitu. Hapa nchini zilikuwa na historia yake: Machi 2024 ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na simu, ilikataza matumizi yake, na mwaka 2025 ikatoa leseni. Kwa sehemu za Beni ambako nguzo za simu zinalemewa, hiyo inaweza kubadili mambo zaidi ya michezo, kama bei itafikiwa na watu watano wanaochanga pamoja.

Na kuna mikato ambayo hakuna ufundi wa kijana unaoweza kuizuia. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini za pwani ya Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikalegea katika nchi nyingi za kanda kwa siku kadhaa. Miaka mitano kabla ya hapo mkato ulitoka Kinshasa: kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchi nzima kwa karibu siku 20. Watu wa Beni na Butembo wanaukumbuka kwa uchungu wa pekee, kwani walifungiwa intaneti ya uchaguzi ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa kupiga kura siku hiyo. Yao ilisogezwa hadi Machi 2019, rais akiwa ameshaapishwa.

Hesabu ya umeme

Sasa umeme. Kompyuta yenye nguvu ya kutosha, pamoja na skrini, usukani na kisanduku cha intaneti, inakula wati kama 400. Kwa masaa 24 hiyo ni kilowati-saa 9.6. Batri kubwa ya sola ya volti 12 na ampea-saa 200 inabeba kilowati-saa 2.4, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo inakupa 1.2 tu, na konvertisa nayo inakula kidogo. Mtu mmoja anayetaka kuwasha masaa 24 anahitaji batri nane. Hakuna kijana wa Oicha mwenye batri nane za namna hiyo, na kama angekuwa nazo angefungua kazi ya kuchaji simu, angefanya vizuri.

Gawa hesabu hiyo kwa watu wanne walio sehemu nne. Kila mmoja anaendesha masaa sita, mara mbili za masaa matatu. Wati 400 kwa masaa sita ni kilowati-saa 2.4. Hizo ni batri mbili, na kati ya zamu ya kwanza na ya pili jua la Oicha linaweza kurudisha sehemu. Ukitumia kompyuta ya mkononi ya wati 150 badala ya ile kubwa ya mezani, unashuka hadi kilowati-saa 0.9, yaani batri moja. Mzigo ambao hauwezekani kwa mmoja unakuwa mzigo wa kawaida wa nyumba yenye sola.

Na jenereta? Ile ndogo ya esansi inakunywa si chini ya nusu lita kwa saa. Kwa zamu ya masaa matatu inaweza kusaidia. Kwa usiku mzima, bei yake na kelele yake ni mambo mawili tofauti, na la pili linarudiwa hapa chini.

Tusidhani kwamba kompyuta inayowaka usiku na mchana ni ndoto katika sehemu hizi. Imeshakuwepo. Kampuni ya Virunga Energies, iliyotoka katika Hifadhi ya Virunga, ilifungua kiwanda chake cha kwanza cha umeme wa maji Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mwaka 2013. Baadaye ikajenga kikubwa zaidi cha Luviro, katika teritware ya Lubero. Mwaka 2020, wakati nyaya za kupeleka umeme wa Luviro kwa watu zilikuwa bado hazijatosha, hifadhi iliweka pale mashine za kompyuta za kutafuta bitcoin, zikawa zinawaka masaa 24 kwa maji ya milima ya Lubero. Wengine walisifu, kwa sababu pesa ile ilisaidia kulipa walinzi wa hifadhi wakati watalii hawakuja. Wengine waliuliza kwa nini umeme wa nyumbani unalisha mashine kabla ya kulisha mashine za kusaga za Butembo. Swali hilo bado lina nguvu. Lakini kwa jambo linalojadiliwa hapa linaonyesha kitu kimoja: maji ya kuwasha kompyuta bila kukatika yapo ndani ya jimbo hili. Kinachopungua ni nyaya kati ya maporomoko na vijiji.

Usiku wa Oicha

Hapa hesabu inaacha kuwa ya batri. Mbio za masaa 24 zina usiku ndani yake, na usiku wa Oicha si usiku wa Butembo, mbali kabisa na usiku wa Ulaya. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayohusishwa na ADF yamepita Oicha, Mbau, Eringeti na vijiji vingi vya pembeni. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya dharura, na tangu mwisho wa mwaka ule majeshi ya Kongo na Uganda yanafanya operesheni Shujaa pamoja. Watu wamejifunza kulala sikio likiwa wazi.

Katika mtaa wa namna hiyo, dirisha linalotoa mwanga saa nane za usiku na jenereta inayonguruma si starehe ya kijana peke yake. Kelele inafunika sauti ambazo jirani anataka kuzisikia. Mwanga unaonyesha kwamba kuna kitu cha bei ndani. Kijana aliyevaa visikia-sauti masikioni, anayesikia injini ya gari la Le Mans, hatasikia filimbi ya mtaa. Mama wa nyumba akikataa, hakatai kwa sababu haelewi teknolojia. Anaelewa vizuri sana.

Kwa hiyo timu ya hapa lazima ipange zamu kinyume cha timu za Ulaya. Wao wanampa usiku dereva asiyechoka haraka. Hapa usiku unapaswa kupewa yule aliye mahali penye ukuta na umeme wa mji, labda Butembo, ama ndugu aliye Kampala, Nairobi, Bruxelles ama Kanada. Familia nyingi za Beni na Lubero zina watoto huko. Oicha ichukue mchana: kuanzia saa mbili za asubuhi hadi saa kumi za alasiri, jua likiwa juu ya paneli na watu wakiwa sokoni. Dereva wa Oicha akimaliza zamu yake anazima kila kitu, na gari linaendelea bila yeye. Umeme ukikatika kwake akiwa hana zamu, hakuna anayejua. Ukikatika akiwa kwenye usukani, gari linarudishwa kituoni na mwenzake anaweza kulichukua. Wamepoteza dakika, lakini mbio hazijaisha kwao.

Verstappen na wenzake walikuwa na kila kitu isipokuwa njia ya kukwepa seva iliyoanguka. Timu iliyotawanyika kati ya Oicha na Kampala haikwepi hilo pia. Lakini yale mengine yote, umeme wa nyumba moja, nguzo ya simu ya mji mmoja, amri ya kutotoka usiku katika komini moja, hayawezi kuiangusha kwa pamoja.

Faida iko wapi?

Wazazi watauliza, na ni haki yao, hasa katika miji ambako nyumba za kubashiri mpira zimejaa na vijana wanaingia na franka zao na kutoka bila kitu. Kwanza, hii si kamari; mtu haweki pesa juu ya matokeo. Pili, faida ya pesa ni ndogo na iko mbali, na yeyote anayemwahidi kijana mshahara wa mbio za mtandaoni anamdanganya.

Kuna milango iliyofunguka hata hivyo. Mwaka 2011 Mwingereza Jann Mardenborough alishinda shindano la Gran Turismo, akiwa hajawahi kushindana kwenye gari la kweli, na mwaka 2013 alikuwa kwenye Le Mans halisi. Mwingereza mwingine, Chris Lulham, aliyejulikana kwa mbio za mtandaoni za Team Redline, tarehe 27 Septemba 2025 aligawana gari la kweli la Ferrari na Verstappen huko Nürburgring, Ujerumani, wakashinda mbio za masaa manne. Shirikisho la kimataifa la magari, FIA, nalo liliendesha mpango wa Rally Star, ambao ulikubali vijana kuchujwa kwa mchezo wa kompyuta wa WRC. Fainali ya bara la Afrika ilichukuliwa na Max Smart wa Afrika Kusini.

Kanda hii ina uhusiano wake na mambo hayo. Safari Rally ya Kenya, iliyokuwa imetoka katika ubingwa wa dunia tangu 2002, ilikuwa irudi mwaka 2020, korona ikaizuia hadi Juni 2021. Lakini mchezo wa WRC 9 ulikuwa umeshatoka Septemba 2020 na njia za Kenya ndani yake, kwa hiyo kijana mwenye kompyuta alipita vumbi la Naivasha karibu mwaka mzima kabla ya magari ya kweli. Verstappen mwenyewe alifika jirani: Desemba 2024, FIA ilipofanya mkutano wake Kigali, alitumikia pale adhabu aliyopewa kwa kusema neno chafu mbele ya waandishi wa habari Singapore, akafanya kazi na vijana wa klabu ya magari ya Rwanda. Kutoka Oicha hadi Kigali kwenye ramani si mbali. Kwa mengine yote, msomaji wa Kivu Kaskazini hahitaji kuelezwa umbali huo ni mkubwa kiasi gani sasa.

Faida ya karibu zaidi ni nyingine, na haiombi ushindi. Kijana anayeweka timu ya masaa 24 anajifunza kuhesabu wati na ampea, kupima rezo kwa nambari badala ya malalamiko, kupanga zamu, kuandika ratiba ambayo watu wa nchi tatu wataiheshimu. Fundi wa sola wa Oicha, mtu wa duka la simu, mtu wa redio, wote wanalipwa kwa kujua mambo hayo hayo.

Kuanza na kidogo

Gharama zinabaki. Usukani wa bei ya chini wa chapa inayojulikana unauzwa Ulaya kati ya dola 200 na 300, kabla ya usafiri na mpaka wa Kasindi. Kompyuta ni zaidi. iRacing inalipwa kwa mwezi ama kwa mwaka, na magari na njia vinanunuliwa kimoja kimoja. Kwa kijana anayeuza uniti kando ya barabara, hiyo ni ndoto. Kwa vijana kumi wanaochanga, pamoja na chumba chenye sola ambacho tayari kipo, ni mradi wa mwaka mmoja.

Na si lazima kuanzia Le Mans. Assetto Corsa, programu ya Waitaliano wa Kunos iliyotoka 2014, inamruhusu mtu yeyote kuweka seva yake mwenyewe, hata kwenye kompyuta ya kawaida. Weka kompyuta tatu ndani ya chumba kimoja Oicha, ziunganishe kwa waya, na intaneti haihitajiki kabisa: masaa matatu ya mchana, timu za watu wawili wawili, dereva akibadilishana kiti na mwenzake kwa miguu. Hapo ndipo inajulikana nani anaweza kuendesha saa nzima bila kugonga, na hiyo ndiyo kazi halisi ya mbio ndefu. Wengi wenye kasi wanashindwa hapo.

Hatua ya pili ni Oicha na Butembo, na hapo rezo inaingia. Miji hiyo miwili haifiki kilometa 100 kwa barabara, lakini kama kila timu iko kwa kampuni yake ya simu, na kampuni hizo hazibadilishani data karibu, habari kutoka Oicha inaweza kusafiri hadi nje ya nchi ndipo irudi Butembo. Njia ya kujua ni moja: kupima, wiki nzima, asubuhi, mchana na jioni, kwa kila kampuni inayoshika Oicha, na kuandika nambari kwenye daftari. Kupima hakuombi usukani wala kompyuta ya bei. Simu na mega za kiasi kidogo zinatosha.